Kitanda cha Mama chenye Meno Matano

Goma, mtaa wa Mapendo
Jumapili, baada ya misa

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Masika,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Henri na watoto wote wa hapo Butembo. Kiuno chako kimepoa? Sisi huku tunaendelea vizuri, na Mama pia. Najua habari yake ndiyo uliyoitafuta kwanza, basi pumua: anakula, anasali, na kila siku anagombana na mke wangu Daniella anayemnyima chumvi kwenye mboga ya sombe.

Yaya, sasa niache nijisifu kidogo. Mdogo wako ametengeneza kitanda ambacho hujawahi kukiona. Ubao wa upande wa mgongo unainuka kwa bawaba, na chini yake nimechonga meno matano ya kuushikilia. Jino la kwanza mtu yuko karibu kulala, la tano ameketi kama yuko kanisani. Mama analala kwenye jino la tatu, na kibao kidogo chini ya magoti kinamzuia asiteleze. Analala hadi jogoo anawika! Muuguzi wetu, Mama Alima, amekwisha kuniagiza vingine viwili kwa wagonjwa wake, na fundi Bienvenu wa barabara ya pili, ambaye hasifu kazi ya mtu, alikuja akakipapasa jino kwa jino.

Lakini kitanda hiki kina chanzo chake. Unakumbuka nilivyokuja kwako nikamkuta Mama amelala kwenye kiti. Nilikasirika. Nilikusema mbele ya Baba mdogo Kataliko na ukoo mzima kwamba umemgeuza mama yetu mlinzi wa usiku, mama wa seremala, hana hata kitanda. Ulinieleza kwamba akilala chali anakosa pumzi, kwamba kiti amekichagua mwenyewe. Nikasema ni visingizio vya mtu mvivu. Ulilia, ukampa mito mitatu ya safari, nikamchukua.

Tulipofika Goma nilikuwa na kitanda tayari, cha libuyu, ule mti wa mbao za thamani, ubao wa kichwani umechongwa majani ya migomba. Niliita majirani waje kumwona Mama akipumzika kwa heshima. Kabla hawajamaliza soda zao, alianza kuhema. Midomo ikawa myeusi, akakohoa povu. Daniella alikimbia kumwita Mama Alima, akaja miguu mitupu, akamwinua Mama, akamketisha miguu ikining'inia, mgongo umeegemea kifua changu. Pumzi ikarudi polepole, kisha tukampeleka hospitali.

Baadaye Mama Alima alinifundisha. Moyo wa Mama umechoka. Akilala chali, damu iliyokuwa imetulia miguuni inarudi kifuani kwa wingi, moyo unashindwa kuisukuma, maji yanaingia kwenye mapafu, na tumbo nalo linayabana. Akiegemea, mzigo wa moyo unapungua na kifua kinapata nafasi. Alinionyesha kuhesabu pumzi kwa saa ya mkononi. Siku ile zilifika thelathini na nane kwa dakika. Asubuhi hii, jino la tatu, ni ishirini. Mimi niliyefeli hesabu darasani!

Kwa hiyo Yaya, ulikuwa na haki, na kiti chako ndicho kilichomweka Mama hai miaka miwili.

Sasa nikwambie lile ambalo hata Daniella hajui. Mama alipofika alijipangia mito yako yote mitatu mgongoni. Ilikuwa inayafunika majani ya migomba niliyoyachonga wiki mbili. Nilitaka majirani wayaone. Niliivuta mito kwa mkono wangu, mmoja mmoja, na Mama akaniangalia tu. Mama Alima alipouliza nani amemlaza vile, Mama, akiwa bado anahema, alijibu: “Ni miye mwenyewe nililala vile. Mutoto hana kosa.” Nami nikamwacha abebe kosa langu. Mbaya zaidi, Baba mdogo aliponipigia simu nilimwambia kwamba ni kiti chako kilichomharibu Mama. Nimesikia wanavyokusema sokoni tangu siku hiyo. Nisamehe, dada yangu. Naona haya.

Ningeweza kukuambia haya kwa simu, ila wewe nilikuaibisha mbele ya watu. Ndiyo maana nimempa Mbaraka, dereva wa lori, karatasi hii. Mwombe Baba mdogo awakusanye walewale, uisome kwa sauti mbele yao, usiruke kitu.

Daniella anakusalimu, watoto wanakuuliza utakuja lini. Mama anawabariki wote. Nimemsomea barua hii yote, akaniomba nifute habari ya mito. Nimemkatalia.

Mdogo wako mkosefu, lakini fundi wa kweli,
Kambere