Laptop ya Mkwe Imenyamaza

Jumanne, 6 Mei

Nimekamua. Maziwa yamepungua, yule ng'ombe wa madoa anasumbua kiwele. Nimempa Mzee wangu sindano ya asubuhi na uji, kisha nikaingia shambani kuchuma chai mpaka saa tano. Majani ni mengi, mvua imenyesha vizuri, lakini mikono ilikuwa huko na akili iko nyumbani. Nawaza ile laptop.

Ilifika jana na matatu ya kutoka Mulot, imefungwa ndani ya sweta. Mkwe wetu, bwana wa Chebet, ndiye ametuma. Ile ya zamani ilikufa mvua ya mawe ilipotoboa bati na maji yakashuka juu ya meza ya Mzee. Mkwe akatoa diski ya ile ya zamani akaiweka ndani ya hii. Kwa hivyo Linux, programu inayoiendesha, ni ile ile, masomo ya Mzee ni yale yale, na vidole vyake havina haja ya kujifunza upya. Alifikiria sana, mtoto wa watu.

Imewaka. Haiongei.

Mzee haoni. Ugonjwa wa sukari ulimchukua macho, huu mwaka wa tatu. Alikuwa karani kiwandani, anapiga chapa bila kutazama. Laptop ndiyo ilikuwa inamsomea kila kitu: herufi anayobonyeza, Biblia, gazeti, masomo anayofundisha kanisani. Sauti yenyewe ni mbaya, Kiswahili cha mtu aliyeshuka kwa ndege jana. Lakini aliipenda. Simu ya kioo hawezi, sukari imeharibu na ncha za vidole, hahisi kitu laini. Vitufe anavihisi.

Amebonyeza, amebonyeza. Kimya. Akaweka mikono mapajani akasema, "Basi." Akaenda kulala saa nane mchana.

Jumatano, 7 Mei

Chebet amepiga simu. "Mama, inaongea?"

Nikasema inaongea vizuri sana. Nikasema Baba anafurahi.

Nimedanganya. Nilikuwa nimetoka tu kuomba, ulimi bado uko moto na jina la Bwana, nikadanganya.

Lakini ningesema nini? Kitu cha mkwe hakikosolewi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Mkwe sisalimiani naye kwa mkono, sikai naye meza moja, hata jina lake silitaji. Akija hapa napitia nyuma ya nyumba. Sasa niende kumwambia ulichotuletea ni kibovu? Mama yangu angeamka kaburini.

Mungu ataifungua hiyo sauti mwenyewe. Alifungua kinywa cha punda.

Alhamisi, 8 Mei

Hajaifungua.

Mzee amekataa sindano ya jioni. Nikamwambia ni sukari, si mchezo. Akasema, "Sindano ya kunipa siku zaidi. Siku za kufanya nini?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya sukuma wiki. Hiyo ndiyo imeniogopesha.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefunga laptop kwa sweta lile lile nikaenda nayo mjini Bomet, kwa Nyambura mwenye duka la kompyuta. Si wa kabila letu, lakini familia yake imekaa hapa tangu zamani, anaongea Kipsigis chetu kunishinda mimi. Sikumwambia imetoka kwa nani. Nikasema tumeinunua. Uongo wa pili wiki hii.

Aliiwasha akiwa ameshikilia kitufe fulani, ikajipima yenyewe, spika zikalia mlio wa ajabu. Nililia pale dukani. Nilidhani imepona.

"Ngoja kwanza, mathe, usinilowanishie kaunta," akasema. "Spika ni nzima. Ni hii Linux haizijui." Akanionyesha mahali panapofaa kuwa na jina la spika. Pameandikwa sauti ya bandia, kama kibao cha duka ambalo halijajengwa. Akasema Linux ni ya zamani na mashine ni ya juzi, hawajatambulishana.

Yeye Linux haijui, hataki kunidanganya. Anaweza kuweka Windows badala yake. Masomo atayahamisha, lakini sauti ya kusoma itakuwa nyingine na vitufe vyake vingine. "Mzee aanze upya," akasema. "Au umtafute huyo aliyeiweka. Kwani amekufa?"

Nimerudi nimemweleza Mzee habari ya Windows. Alijifunza hii mwaka mzima, nikimsikia akikosea na kurudia kama mtoto wa nasari. Akasukuma kikombe cha uji kando. Halafu: "Mwaka mwingine? Mimi mwaka huo sina."

Uji ameacha.

Jumamosi, 10 Mei

Sindano ya asubuhi amekubali kwa sababu nilipiga magoti. Ya jioni amekataa. Anakunywa maji tu, maji, maji.

Nimechoka naye. Nimeandika. Bwana nisamehe lakini nimechoka naye.

Jumapili, 11 Mei

Nimeenda kanisani peke yangu. Somo lilifundishwa na mwalimu wa shule, akasoma kwa karatasi bila kuinua kichwa. Watu wakauliza Mzee yuko wapi. Nikasema mafua.

Ni uongo wa tatu. Nahesabu sasa kama mtu anayehesabu matone ya bati linalovuja.

Wakati wa maombi ya kila mtu nilikosa maneno kabisa. Mimi, ambaye kina mama huniambia nifupishe. Nilisema tu mfungulie sauti, mfungulie sauti. Jirani yangu kwenye benchi akadhani ninaombea kwaya.

Jumatatu, 12 Mei

Hospitali. Ameamka akiongea vitu visivyoeleweka, anahema kama aliyepanda mlima, mdomo unanuka kama matunda yaliyooza. Kipimo kimekataa hata kutoa namba, kinasema tu sukari imezidi. Jirani amemleta na pikapu ya maziwa, tumemlaza katikati ya mikebe.

Daktari ameniuliza kwa nini alikosa dawa. Nikatazama viatu vyake. Kwa sababu mimi nina adabu, daktari. Hilo ndilo jibu. Mume wangu anakufa kwa sababu ya adabu yangu.

Jumanne, 13 Mei

Yuko hai. Dripu. Ameshika kidole changu usiku kucha.

Chebet amekuja mbio kutoka shule anakofundisha. Nje ya wodi nikamwambia yote. Laptop, uongo, Nyambura. Nilitegemea anikumbatie. Akanitazama kwa macho ya babake ya zamani, yale yaliyokuwa yanaona makosa kwenye karatasi kutoka mlangoni.

"Mama. Wewe unataka heshima ama unataka Baba?"

Nimemzaa mimi huyu.

Nikamwomba basi amwambie bwana yake, yeye awe kati yetu. Akasema maneno yale ya kompyuta hayaelewi, akiyabeba atayamwaga njiani. "Mpigie mwenyewe. Hatakuuma."

Jumatano, 14 Mei

Tumeruhusiwa. Mzee amekubali sindano mbele ya nesi. Nyumbani amegeukia ukuta. Nesi hatakuwepo kila siku.

Nilishika simu mara nyingi. Sikupiga. Mimi ni mjinga na ni mwoga.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepiga.

Nilivaa vizuri kwanza, kitambaa kichwani, kama anayeenda kwa pasta. Akapokea, akasikia ni mimi, akanyamaza. Pesa za simu zinakwenda, watu wawili wazima wanapumua tu. Mwishowe nikasema kwa haraka, bila salamu, kwamba laptop haitoi sauti na Mzee atakufa.

"Mama," akasema. Sauti yake ndogo kabisa. "Kitu kimetoka kwangu kikiwa hivyo. Niliona imewaka, nilikuwa sokoni kwenye kelele, sauti sikuijaribu, nikafunga nikatuma. Aibu ni yangu. Ungeniambia siku ile ile."

Alitaka kuja lakini barabara ya kwao imekatwa na mafuriko. Ikabidi niwe macho na mikono yake. Ndani intaneti hakuna, kwa hivyo nikabeba laptop mpaka kando ya zizi, nikaketi juu ya debe. Simu yangu kubwa nikaiunganisha na laptop kwa waya iipe intaneti. Simu ndogo ya Mzee nikaiweka kwa sauti kubwa, na yeye mwenyewe nikamtoa nje na blanketi, sikutaka kumwacha peke yake. Alikuja kama gunia.

Mkwe anaomba msamaha kila hatua. "Mama, samahani, fungua lile dirisha jeusi. Mama, niwie radhi, andika hivi." Mimi naandika kwa kidole kimoja, herufi ndogo zote, nafasi pale anaposema nafasi. Nikikosea linanijibu kwa Kiingereza kikali. Ng'ombe wanatazama.

Halafu likataka neno la siri. Mkwe hakulijua, Mzee alilibadilisha kitambo. Nikamwuliza Mzee. Kimya. Nikamwuliza tena. Nikamwambia, kama unataka kufa kufa, lakini toa hilo neno kwanza nijue nilijaribu.

Akasema jina langu la utotoni. Lile nililoitwa nikiwa msichana, kabla ya ndoa, ambalo hakuna mtu analitumia tangu mama yangu aende. Akalitamka na kulitaja herufi moja moja, kwa nguvu, na mkwe yuko kwenye simu anasikia!

Mwanamume mzima amesikia jina ambalo hafai kulisikia.

"Sijasikia kitu, Mama," akasema mwishowe. "Mtandao ulikatika."

Mzee akatoa mlio puani. Nadhani kilikuwa kicheko. Sina hakika.

Nikaandika. Hakuna kilichotokea, hata nukta moja haikuonekana kwenye dirisha. Nikapiga kelele kwamba nimeiua. Mkwe akasema hapana, ni desturi yake, neno la siri inalipokea bila kulionyesha. Basi hata mashine ina adabu zake.

Ilivuta vitu kutoka mtandaoni tangu mchana mpaka saa ya kukamua. Linux mpya, na kitu cha kuitambulisha kwa spika. Tukazima. Tukawasha.

Kimya.

Mkwe akanifanya nijaribu hivi na vile. Kimya. Mzee akanyanyuka mwenyewe, akapapasa ua mpaka mlangoni, akaingia. Sindano ya jioni amekataa.

Sijui kwa nini naandika hata.

Ijumaa, 16 Mei

Asubuhi sikuomba. Sijawahi kukosa. Nilikaa tu kitandani kama jiwe nikatazama mgongo wake.

Mkwe ndiye amepiga, mapema, kabla ya maziwa kuchukuliwa. Hakulala, amekuwa akisoma maandishi ya watu wa nchi za mbali wenye mashine kama hii. Wote wanalia kilio kimoja. Spika zake zina kifaa kidogo cha kuzipa nguvu, na hicho Linux bado haijakijua. Kuna watu wanaandika, siku moja kitajulikana. Lini, hajui. Hakunidanganya. Nikamshukuru kwa hilo, maana mimi najua bei ya uongo mtamu.

"Lakini Mama, samahani, tundu la pembeni halipitii kwa hicho kifaa. Kuna earphone hapo?"

Zipo zile zilizokuja na simu. Sijawahi kuziweka sikioni, nilizifanya kamba ya kufungia mbegu za maboga. Nikafungua fundo, nikazipangusa kwa leso, nikachomeka. Pale palipoandikwa sauti ya bandia pakaandikwa kitu kingine. Nikaweka moja sikioni mwangu.

Kile Kiswahili kibovu. Kinanisomea, kinakimbia kama kimefukuzwa na mbwa.

Sikupiga kelele. Nilienda chumbani nikamwekea Mzee masikioni bila kumwambia neno, nikamwekea laptop kifuani. Akashtuka. Akakaa. Mkono ukatafuta vitufe, ukavipata. Akabonyeza kimoja, akasikiliza. Kingine. Uso wake nilikuwa nimeusahau.

Kwenye simu mkwe anauliza, "Mama? Mama, imekuwaje?" Nikamwambia kongoi, asante ya kwetu. Nikarudia kongoi mpaka akaanza kulia yeye.

Halafu nikampa Mzee sindano. Alitoa mkono bila kuacha kusikiliza.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imepumzika. Nimechuma upande wa chini tu.

Mzee ameketi mlangoni tangu saa tatu na laptop magotini. Anatayarisha somo la Jumapili. Amekunywa uji wote, na sindano ya asubuhi ameidai mwenyewe, akasema nimechelewa.

Zamani ile sauti ilikuwa inajaza nyumba. Nikipika nilisikia na mimi, Zaburi, habari za bei ya maziwa, vitu vya serikali. Sasa yote yanaingia kwake tu. Nikimsemesha hasikii. Nimeona wivu kidogo. Si mbaya, ni kidogo.

Leo amecheka. Amecheka sana, mabega yanatikisika, akifuta macho yale yasiyoona. Sijui amesoma nini. Sikumwuliza.

Halafu akaanza kuimba. Mtu mwenye earphone hajisikii, kwa hivyo anaimba kwa nguvu zote na nje ya noti kabisa. Nimekaa nyuma yake nachambua maharagwe. Sijamgusa. Nimemwacha aimbe.