Julai ya Waringa

Kondele, Kisumu
12 Desemba 1971

Kwako Mama,

Nakusalimu sana, wewe na Baba, na hata yule ng'ombe wenu mwenye hasira. Kikohozi kimepoa? Sisi huku tu wazima. Ninayo habari kubwa, lakini kwanza lazima nikueleze juu ya Mama Lin.

Ni mjane wa Kichina, mwenye nyumba tunayopanga. Marehemu mumewe alikuwa fundi viatu. Ni mfupi, habishiki, na sijaona mwanamke mwenye akili kama yeye isipokuwa wewe. Mwezi wa sita, mimba ya mkwe wako Waringa ilipofika miezi mitatu, alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza mshipa kimya, kisha akauliza zile mbili za kwanza zilitoka lini. Tukamwambia Julai, zote mbili. Akasema kwao miezi ya baridi si ya kutumia nguvu bali ya kuziweka, kwa hiyo Waringa alale mapema na asiamke kabla ya jua.

Nilicheka. Baridi gani Kisumu, na jirani yetu Oketch anatembea kifua wazi Julai nzima? Mama Lin akanijibu kwamba Oketch hapokei viazi vya kuuza kwenye lori saa kumi alfajiri akiwa na mimba, kama Waringa.

Basi kila jioni Waringa alitia miguu katika beseni la maji moto yenye tangawizi. Alikunywa supu ya mifupa ya mbuzi. Mama Lin alipotaka maharagwe meusi, Waringa alimwonyesha njahi zetu, na mama wa watu akafurahi, akasema kumbe Wakikuyu nao wanajua mambo. Viazi nilipokea mimi. Uji nilipika mimi, na wapangaji walinicheka mpaka wakachoka.

Sasa nifike penye uzito. Ulipomwita Waringa aje Kinangop kuchuma pareto Julai, kama miaka miwili iliyotangulia, nilikuandikia kwamba amekataa. Ukasema ni mvivu. Mama, hakukataa. Alikuwa ameshafunga mzigo wake, nami ndiye niliyeufungua. Mimba zile mbili zilitoka shambani kwako, kwenye ukungu, na sikuwa na mdomo wa kukutamkia hivyo, nikaona heri lawama imwangukie yeye. Sisemi ni kosa lako, maana hakuna kati yetu aliyejua. Kosa langu ni huo uongo, na naona haya mno.

Waringa amejifungua juzi Ijumaa, mtoto wa kike, mzima kabisa. Unajua kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake, mama wa baba. Mkunga alipouliza, Waringa hakunisubiri nijibu. Alisema Gakenia, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, jina la mtu ambaye hajamtumia hata salamu kwa miezi mitano.

Msalimie Baba na majirani wote. Ukiweza, katika jibu lako mwandikie yeye kwanza.

Ni mimi mwanao,
Kinyua