Wageni wa Nyumba ya Mgiriki

Dar es Salaam
10 Aprili 1994

Kaka yangu Masalu,

Shikamoo kaka. Hamjambo hapo nyumbani? Kifua cha mama kimetulia? Wifi yangu Ng'washi na watoto wanaendeleaje? Mimi huku ni mzima, ila mvua zimejaza maji uani mpaka tunapita juu ya matofali.

Kaka, nina habari, naomba uwasomee wazazi polepole. Ile Nyumba ya Mgiriki, pale juu ya lambo, najua unaiona kila siku ukinywesha ng'ombe. Mimi nazungumzia tulivyokuwa tunaiona zamani, umenibeba mabegani nichungulie dirishani, nione ile sakafu nyekundu na mahali pao pa kuotea moto. Mwezi wa saba nitalala ndani yake.

Ilikuwa hivi. Sisi tuliosoma pamoja Tabora tumekuwa tukisema kila mwaka tukutane na familia zetu, tupumzike mahali penye utulivu. Wengine walitaka Bagamoyo. Mimi nikawasimulia nyumba ile: kuta zake za mawe, baraza lake, mabani ya kukaushia tumbaku yaliyobaki nyuma, na jinsi Mgiriki alivyoijenga kabla ya vita ya Hitla akaja kuiacha shamba lilipotaifishwa. Wakaipenda kabla hawajaiona. Bwana Yotham wa Majengo, ambaye sasa ndiye mwenye shamba, alikuja Dar kwa shughuli zake, tukaonana, akakubali kutukodisha. Anaifanyia matengenezo.

Hakujua kwamba mimi ni wa hapo. Huku natumia jina la ubatizo, naye aliniita mama Mariana muda wote. Nikaona nisimwambie, nije nimshangaze. Akaniuliza wageni wangu wanataka nini. Nikasema wengine wana watoto wadogo, kwa hiyo pawe safi, hasa pale majini, pasiwe na nzi na kinyesi.

Jambo la pili ndilo kubwa. Nitakuja na mtu. Anaitwa Telesphor, Mfipa wa Sumbawanga, ana kibanda chake cha kutengeneza cherehani hapa Magomeni. Anataka baba amwone kabla wazee wake hawajaleta posa. Mwandae baba, kaka. Wewe ndiye anayekusikiliza.

Mdogo wako,
Kabula


Ugalla
8 Mei 1994

Mdogo wangu Kabula,

Marahaba. Barua yako tumeikuta kwa katekista Severini baada ya ibada. Sisi wote tuko salama. Mama kifua kimetulia tangu mvua ikatike, na mtoto wetu wa mwisho sasa anasimama.

Niliwasomea uani, wote wamekaa. Mama alicheka sana. Alisema ukalale wewe kwa Mgiriki, yeye atateleza kwenye hiyo sakafu avunjike kiuno. Baba aliniambia nirudie sehemu ya Telesphor. Akafikiri, akasema Mfipa ni mtu, aje. Tangu siku hiyo namwona anazunguka zizini akichagua dume la kuchinja.

Nilisoma na yale uliyomwambia Yotham. Hapo pia baba aliniambia nirudie. Kisha akainuka akaenda kutazama ng'ombe.

Nyumba inatengenezwa kweli. Mafundi wanashinda hapo, bati jipya, rangi nyeupe mpaka inaumiza macho. Kwa upande wetu, ng'ombe nitawapeleka mtoni mimi na shemeji zangu, tukae huko mpaka mwezi wa nane. Huenda msinikute. Usijali hayo, shughuli za ng'ombe haziishi. Njoo na watu wako, nyie mpumzike.

Kaka yako,
Masalu


Dar es Salaam
5 Juni 1994

Kaka Masalu,

Shikamoo. Nimefurahi mama anacheka, maana barua yako ya kabla ya hii ulisema hata kuongea anashindwa. Nasi huku wazima.

Lakini jambo moja sikulielewa. Kwa nini ng'ombe waende mtoni mwaka huu? Nakumbuka baba alivyokuwa akikataza. Alisema kule mbung'o wanamaliza ng'ombe, na lambo halikauki hata mwezi wa kumi. Limebomoka? Au mmegombana na mtu? Nijibu hilo, kaka.

Sisi tunaondoka na treni mwanzoni mwa mwezi wa saba. Mwambie mama watoto watahitaji maziwa, na mimi nimewasifia samli yake mpaka wamechoka kunisikia. Telesphor amemnunulia baba koti zito. Kila siku anajifunza kumsalimia kwa Kisukuma, na kila siku anakosea palepale. Nataka siku moja wote tukae kwenye lile baraza, mama katikati. Ninasikitika kwamba wewe hutakuwepo.

Mdogo wako,
Kabula


Mtoni Ugalla
26 Juni 1994

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii nampa mrina asali mmoja anayerudi vijijini, sijui kama itakuwahi. Mimi sijambo, si sana.

Umeuliza kuhusu lambo. Lambo ni zima. Ukifika utaliona mwenyewe. Baba amenikataza kuandika zaidi ya hapo, nami namtii.

Huku nyasi zipo na maji yapo, ila mbung'o ni wengi. Tunawasha moto wa mavi makavu ng'ombe wasimame kwenye moshi, lakini hauwafuniki wote. Wameanza kukonda, manyoya yamesimama. Mimi mmoja aliniuma shingoni, pakavimba kama jipu, kisha homa ikanishika. Sasa nafuu.

Baba na mama wamebaki nyumbani na ng'ombe wachache wa maziwa. Baba anawachotea maji kisimani kwa ndoo. Msaidieni mkiwa hapo. Msalimie shemeji.

Kaka yako,
Masalu


Dar es Salaam
24 Julai 1994

Kaka Masalu,

Shikamoo. Shingo yako imeponaje? Na ile homa? Barua yako ya mtoni niliikuta huku baada ya kurudi. Kama ingeniwahi, nisingepanda ile treni nikiimba. Wewe hukuwepo, na najua baba hatakueleza, kwa hiyo nakueleza mimi.

Tulifika alasiri kwa lori la Yotham. Nyumba inapendeza, kaka, siwezi kudanganya. Watoto walikimbia vyumba vyote wakigonga kuta wasikie mawe. Niliwaambia wenzangu kwamba kesho nitawapeleka kwa wazazi wangu, ni hapo tu nyuma ya mabani.

Asubuhi tulikuwa barazani tunakunywa chai, na Yotham amekuja kutujulia hali. Mara akaja mzee amebeba kibuyu cha maziwa na kopo la samli, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akasimama chini ya ngazi. Nilipoona ni baba nilitaka kuinuka, lakini alinitazama kwa namna iliyonibakiza kitini. Akamsalimia Yotham, akasema amewaletea wageni maziwa, amesikia wana watoto. Aliyasema kama mtu asiyenijua.

Yotham akanigeukia. "Mama Mariana, huyu ni mmoja wa wale Wasukuma wenye ng'ombe. Lambo nimewazuia kama ulivyoagiza. Si unaona maji yalivyo safi?"

Ndipo nikalitazama lambo. Waya wa miiba umezunguka pande zote, na ile njia ya ng'ombe tuliyokuwa tunapita tangu utotoni imeishia kwenye waya.

Nilishuka ngazi nikapiga magoti kwenye kokoto. Nikasema, "Shikamoo baba."

Alikuwa anatafuta pa kuweka kibuyu. Kisha akasema, "Marahaba, Kabula. Inuka, gauni lako litachafuka."

Yotham alisema hakujua, na nadhani ni kweli. Waya ulitolewa siku hiyohiyo, Telesphor ndiye aliyeng'oa nguzo nyingi. Lakini ng'ombe wa kunywa yale maji hawakuwepo.

Baadaye nikamfuata baba zizini. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Yotham kwamba mimi ni mwanae, maana neno moja lingetosha. Akasema, "Ulikuwa unakuja na watu wako. Sikutaka wakufahamu kwa ugomvi wa maji." Nikamwambia ningeandikiwa tu, mimi ningemaliza. Akaendelea kuwamwagia ng'ombe maji ya ndoo.

Dume alilichinja, na Telesphor alimsalimia akakosea palepale, baba akacheka kidogo. Koti alilipokea. Nyama hakula. Nilitaka tuje mtoni kukuona, baba akasema umetuma salamu kwamba u mzima na njia ni mbaya. Nikatii, na najuta. Wenzangu waliendelea na likizo yao, sikuwalaumu. Mimi nililala kwa mama mpaka siku ya kuondoka.

Rudisha ng'ombe, kaka. Waya haupo. Na kama umenikasirikia, uniandikie hivyo.

Mdogo wako,
Kabula


Ugalla
28 Agosti 1994

Mdogo wangu Kabula,

Marahaba. Sisi wazima. Nimerudi na ng'ombe. Waliobaki wametosha nusu ya zizi. Wengine walilala mtoni hawakuinuka, na wengine tumewaacha njiani.

Sijakukasirikia. Baba alijua tangu siku niliposoma barua yako. Yotham alipokuja na waya akasema ni agizo la mama wa Dar, baba alinitazama, basi. Mimi nilitaka kukuandikia siku hiyo.

Naandika mchana lakini usingizi unanichukua. Ng'washi anasema nasinzia nimeshika kijiko. Usiku sasa macho makavu. Kichwa hakiniachi. Juzi nilimpiga mtoto na sijui alikosa nini. Njia ya kwenda kwa Severini ilinipotea, nikarudishwa.

Sisi wazima. Nimerudi na ng'ombe.

Kaka yako,
Masalu


Dar es Salaam
18 Septemba 1994

Kaka Masalu, na wifi yangu Ng'washi utakayesomewa,

Salamu zangu ni fupi, mnisamehe. Barua hii anaileta Telesphor mwenyewe.

Niliipeleka barua ya kaka kwa Upendo, yule rafiki yangu nesi aliyekuja na sisi. Aliisoma, akauliza kama aliumwa na mbung'o, nikamwonyesha na ile ya mtoni. Akasema, "Kabula, haya ni malale. Asipelekwe kwa mganga, asingoje apate nafuu. Apelekwe hospitali kesho."

Wifi, kaka akikataa msimsikilize. Akisema hana ugonjwa, akitukana, akilia, ni ugonjwa ndio unaosema. Telesphor atambeba ikibidi, ameniahidi. Mimi ofisini wameninyima ruhusa, nimeomba tena. Nitakuja hata kama kazi itakwenda.

Kaka, ukiweza kunisikia, mimi ni Kabula. Nakuja.

Mdogo wako


Majengo, Mpanda
11 Desemba 1994

Mdogo wangu Kabula,

Marahaba ya siku nyingi. Uko salama? Kazi hawakukufukuza? Ukiona mwandiko umepinda usiogope, ni vidole tu. Kichwa kimerudi.

Walinitoa maji mgongoni, wakakuta wadudu wamefika kwenye ubongo. Dawa yake ikiingia kwenye mshipa ni kama wamekumiminia moto. Wawili tuliokuwa nao wodini hawakutoka. Ng'washi ananiambia ulikuja mwezi wa kumi, ukakaa nami, ukanilisha uji, na mimi nikakuita mwizi. Sikumbuki uso wako hata kidogo, na hilo linaniuma kuliko sindano. Shemeji Telesphor namkumbuka mgongo wake tu, alivyonibeba kutoka nyumbani mpaka barabarani, shati limelowa jasho.

Sasa ya nyumbani. Ile nyumba imepata sifa. Bwana Yotham ana wageni wa Krismasi, na wengine wameshaomba mwezi wa saba. Safari hii alikuja kwa baba na adabu zote, akavua kofia, akasema anaomba waya urudi, ila watu wakiondoka atakuwa anafungua. Baba akamuuliza nani atakuwa anawaambia mbung'o wangoje. Mwisho baba akasema shamba ni lako, na kesho yake akaanza kubomoa zizi.

Baba na mama walipita hapa kuniaga juma lililopita, ng'ombe wamesimama nje ya mji upande wa Shanwe. Daktari amesema nisikae mbali na hospitali, kwa hiyo mimi na Ng'washi tumepanga chumba hapa. Baba anaelekea bonde la Rukwa, na asipopata mahali atasogea mbele. Nilimwambia nitakuandikia, nikamuuliza niseme nini. Alikuwa amevaa lile koti la Telesphor, na jua lote lile.

Akasema, "Mwambie sina neno naye. Ila nimechoka kunywesha kwenye maji ya mtu."

Nikamuuliza na posa je. Akasema hakukataa na hatakataa, lakini mtu anayeposewa binti yake awe na uwanja wa kupokelea wageni, na yeye kwa sasa hana. Kwa hiyo wazee wa Telesphor wasije kwanza. Mwambie asivunjike moyo. Mpaka baba atume mtu, hata mimi sijui ningewaelekeza wapi.

Mama alinishika kichwa kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo, kisha akaenda kuwafuata ndama. Kifua kilikuwa kinamkohoza tena. Nilitaka kuwasindikiza, miguu ikakataa, nikakaa kwenye jiwe mpaka kengele za ng'ombe zikawa hazisikiki.

Kwa Severini usitume tena barua. Hakuna wa kwetu pale.

Kaka yako,
Masalu