Mkono Uliomlisha Mchungaji

Old Moshi,
Moshi, Tanzania.
19 Mei 2024

Mpendwa Shangazi Mkawasi,

Shikamoo, shangazi yangu. Magoti yanaendeleaje? Mwanao Mwadime aliniambia kuwa mvua za Werugha zimekurudishia maumivu na kwamba dawa unameza siku ukijisikia. Zimeze kila siku, usituweke roho juu. Huku masika yamekazana, barabara ya kushuka mjini haipitiki, lakini tuko wazima, kwa kiasi nitakachokueleza. Mghoi na Righa hawajambo. Siku hizi wanagombana kwa Kichagga, na mimi mama yao naachwa nje ya ugomvi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Najua watu wa Taveta wamekuletea habari kwamba mkwe wako alipigwa. Uliponipigia nilikujibu juujuu, unisamehe. Mambo haya hayafai kwa simu. Mtandao ungekatika katikati ukabaki na nusu yake.

Tangu kanisa lilipotuvusha mpaka wa nchi kuja kulea vijana wa huku, miaka sita sasa, Jumamosi zetu ni zilezile. Asubuhi kwaya, mchana mpira, kisha wali na maharage nyumbani kwangu. Wengi ni watoto wa hapa mlimani, wachache hupanda kutoka Mabogini kwenye mashamba ya mpunga. Katika wote nitakutajia wawili tu. Godwin ndiye kiongozi wa kwaya, mtoto wa jirani yetu Elinipendo, ambaye ni mjane. Ananiita Mama na kufungua kabati langu bila kuomba. Basili wa Mabogini alikuwa golikipa wetu, na ukoko wa sufuria ulikuwa wake, hakuna aliyethubutu kuugusa. Tangu Krismasi aliacha kuja. Tulisikia ameingia kwenye kundi baya, mume wangu Mwakio akamfuata mara nyingi, na mara zote alirudi peke yake.

Elinipendo alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, ndiye mume, ndiye ada ya chuo ya Godwin. Jumamosi moja mwezi uliopita aliamka akakuta zizi tupu. Wezi walimchinjia huko huko migombani. Walibeba nyama, wakaacha kichwa, ngozi, na ndama aliyekuwa tumboni, amekamilika mpaka kwato, ametupwa kwenye majani. Elinipendo akapiga yowe.

Kwetu yowe likipigwa huenda ni moto, huenda ni nyoka, mtu anakwenda huku akiuliza. Hapa yowe ni amri. Kila nyumba hutoa mtu, hatoki mikono mitupu, na anayebaki ndani huhesabiwa kuwa ni wa mwizi. Vijana wetu walikuwa kwenye mazoezi ya nyimbo. Walitupa vitabu chini wakatoka mbio, na Mwakio akakimbia nyuma yao akidhani wanakwenda kumsaidia mjane. Mimi nikawafungia watoto ndani, nikafuata.

Basili walimkuta kwenye mfereji akinawa damu. Wenzake walikuwa wameshatokomea na nyama. Walimfunga kwa kamba ya ng'ombe yuleyule, wakaanza. Shangazi, sikuwahi kusikia mawe yakimpiga mtu, na naomba nisisikie tena. Waliokuwa wakitupa ni wale niliowaacha wakiimba. Mabinti wetu wa sauti ya kwanza walikuwa wakiwaokotea mawe kwenye kanga zao. Basili alikuwa akisema, "Nilibeba tu, sikuchinja, nilibeba tu," na damu ikimtoka mdomoni kila akisema. Kisha mtu akaja akiviringisha tairi.

Hapo mkwe wako akajitupa juu yake, akamfunika mwili mzima. Nakuambia ukweli, sikuona ushujaa. Nilikasirika. Nilitaka kumvuta kwa miguu, nimuulize kama amesahau kuwa ana watoto. Mawe yalipungua lakini hayakukoma. Ndipo Godwin alipotokea na mpini wa jembe, analia machozi na makamasi.

"Mchungaji, toka," akamwambia. "Toka nisije nikakuua."

Mwakio hakutoka. Godwin akampiga mkono wa kushoto, nikasikia mfupa kutoka pale nilipokuwa. Akampiga wa kulia kwenye vidole. Wengine wakamburuta Mwakio pembeni, na Godwin akampiga Basili kichwani kwa nguvu zake zote. Kelele zikakatika. Polisi walifika tairi halijawashwa, na Basili alifia hospitalini kesho yake bila kufumbua macho.

Basi Mwakio akarudi nyumbani mikono yote miwili ina plasta, hawezi hata kujikuna. Na unajua nani alikuja kumuuguza? Godwin. Kila asubuhi alibisha hodi, akamnawisha uso, akamnyoa ndevu, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akipuliza usimuunguze. Mimi nilisimama jikoni nikitazama mkono ule. Hakuna aliyelitaja jambo lile, wala yeye, wala mume wangu.

Polisi walipouliza majina, kijiji kizima kilikuwa hakikuona. Mwakio alisema alikuwa amelala uso chini, na kweli alikuwa uso chini, lakini sauti ya Godwin aliijua. Walipoondoka nilimshukia. Alinijibu kwa upole wake unaonichosha kwamba tumpe Godwin muda, atakwenda mwenyewe, na kwamba kijana akipelekwa kwa nguvu atakuwa amekamatwa tu, hatakuwa ametubu. Nilimwambia huo ni woga uliovaa kola ya kichungaji. Ndiyo, nilisema hivyo kwa mtu mwenye mikono iliyovunjika.

Kuzika nilikwenda peke yangu, kule Mabogini. Mama Basili alikuwa na matope ya mpunga kwenye kucha, maana habari ilimkuta akipandikiza miche. Aliniuliza kama nilikuwepo, nikasema ndiyo. Akauliza mtoto wake alisema nini, nikamwambia. Akauliza ni nani aliyempiga la mwisho, nami nikainamisha kichwa. Akanitazama, akasema mbele ya wote, bila kupaza sauti, "Basi na wewe ulikuwa nao."

Nilijaribu kuyabeba maneno hayo kwa wiki mbili, yakanishinda. Juzi Ijumaa nilishuka kituoni nikataja jina. Sikumwambia Mwakio. Sikumwambia Godwin pia, nilihofu atakimbilia kwa ndugu zake Arusha.

Walikuja jana asubuhi. Godwin alikuwa amemaliza kumlisha Mwakio na anaosha bakuli kwenye bomba la nje. Alipoliona gari hakukimbia. Elinipendo alitoka kwake akinipigia kelele kwamba nimekunywa maziwa yake miaka sita, akaokota jiwe akanirushia, likanichana hapa juu ya jicho. Sikumlaumu. Godwin alijifuta mikono kwenye suruali, akawanyooshea wamfunge pingu, kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Mama, si ungeniambia tu?" akasema. "Ningeenda mwenyewe. Nilikuwa nangoja Mchungaji aweze kushika kijiko."

Sijui kama ni kweli, shangazi. Mwakio anasema ni kweli. Sasa uji namlisha mimi, anafungua mdomo, anameza. Jumamosi hii hakuna aliyekuja kuimba.

Umetuandalia chumba na kusema turudi nyumbani kabla hawajatuua. Ahsante, na Mungu akulipe kwa kutuwaza. Lakini kesho ni siku ya kumpelekea Godwin chakula mahabusu, mama yake hawezi hata kusimama, nami nimeshachambua mchele. Sijui kama atakipokea kutoka mkononi mwangu.

Nisalimie Mwadime na mkewe, Mjomba Mwandoe, na watoto wote wa pale juu. Bwana akulindie magoti na moyo, akuweke mpaka tuonane. Na jioni ukipiga magoti hayo yanayouma, mtaje Basili, mtaje Godwin, ndipo unitaje mimi.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye sana,
Wakesho