Stoo Iliyojaa Pomoni

Kaka, nimekwisha!

Mganga mkuu si aliniamuru nijaze rafu za stoo ya dawa kwa maboksi matupu, wakaguzi wa wizara wasione aibu yetu? Nikayapanga kama beti, vina na mizani!

Mkaguzi, mama mpole, akatabasamu. "Hongera, mwanangu. Hospitali ya jirani hawana hata kidonge."

Nikavimba kichwa. Mimi, nikavimba!

"Basi nusu tunawapelekea leo. Lori liko nje."

Lori liko nje, kaka!

Mganga mkuu akaruka kimanga: "Stoo ni ya huyu kijana."

Mpakiaji akanyanyua maboksi sita kwa mkono mmoja. "Dawa za siku hizi nyepesi!"

Nimejifungia chooni. Yule mama mkaguzi bado ananiita "mwanangu", ila si kwa sauti ile.