Mama Anasalimia Kuta Nilizozisiriba

Mpendwa Bi Mshauri,

Shikamoo. Msaada ninaouomba si mdogo, nami nakusihi uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaniita mwongo, maana hapa kijijini nimekwisha kuitwa mwongo mara moja na mchawi mara mbili, na yote mawili sijayazoea.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, Mzigua wa Handeni, mume wangu anaitwa Kibwana, tunakaa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kwedizinga tulikohamia mwaka 1974. Shule niliishia darasa la nne baba alipofariki, nikaenda Ngombezi kwa shangazi nikaanika katani miaka miwili, na huko kwenye makambi ya wafanyakazi ndiko nilikoiona kazi ninayoifanya leo, maana wanawake wa pale wametoka makabila mengi na kila mmoja anapamba chumba chake kwa namna ya kwao, nami nilikuwa nikipita nikichungulia, hakuna aliyenifundisha, nilitazama nikarudi nikajaribu. Nasiriba ukuta kwa udongo mwekundu hadi uwe laini kama kisahani, kisha naviringisha gunzi la mahindi lililochovywa udongo mweupe, mistari inatoka yenyewe kama kitambaa cha kufumwa, halafu kuzunguka mlango nachomeka vigae vya sahani zilizovunjika. Mwaka jana wageni wa wilaya walipokuja kukagua nyumba bora walisimama kwangu muda mrefu kuliko kwa mwenyekiti, na tangu hapo nikawa naitwa nyumba hii na nyumba ile, wananilipa kwa kunilimia.

Sasa shida. Udongo wa kijiji kipya ni mweusi, ukikauka unapasuka kama kisigino. Nikapata wazo, na wazo ni langu, sikumwomba mtu: nyumba yetu ya zamani, ile mama aliyoikuta imesimama alipoolewa, huko mahame tulikohama, ina udongo mwekundu mzuri ajabu. Ni mwendo wa saa mbili. Safari ya kwanza nilichimba nyuma ya nyumba debe sita, nikasiriba nyumba tatu, debe mbili kila nyumba. Kuta hizo tatu hazina neno hadi leo. Safari ya pili nikaona udongo wa upenuni, pale chini ya makuti penye baraza, ni mwekundu zaidi na laini zaidi, nikachimba debe nane. Debe mbili nikapeleka kwa Agripina, mke wa bwana shamba, Mshambaa, Mkristo. Debe mbili kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mhina. Debe mbili kwa Maalim Salimu anayesomesha watoto Kurani. Na debe mbili nikaziweka zangu. Nakuandikia hesabu hii kwa sababu ni hesabu iliyonifumbua macho, na wanaosema nimeroga hawajui hata kujumlisha.

Siku ya tisa Agripina akaniita saa saba mchana, jua kali, hata kuku wamejificha. Akaniambia, "Dada, ukuta wako unatoka jasho."

"Umeumwagia maji," nikasema.

"Niumwagie maji ukuta? Maji yenyewe nayafuata mwendo wa saa nzima!"

Nikatazama. Kando ya kitanda, doa la unyevu, mistari yangu ya gunzi imedondoka pale tu, kwingine imekaa. Nikaweka kiganja, baridi, baridi ya mtungi, nje watu wanaungua. Nikalifuta, nikalisiriba upya, likarudi mara tatu. Mtoto wake wa miezi kumi halali mchana mpaka alazwe kando ya ukuta ule, anaugeukia anaucheka, anaunyooshea kipande cha muhogo kama anayemgawia mtu. Agripina alibandika hapo picha ya Bikira Maria, karatasi ikalowa, akaitoa kwa heshima.

Kwa Mzee Mhina ikawa hivyo hivyo, ila yeye aliweka sikio, mzee hana aibu, akaniambia mbele ya watu, "Mwanangu, katika nyumba zangu nimepigana na mchwa, kunguni na nyoka, lakini ukuta unaonyonya sijapata kuusikia." Watu wakacheka. Nami nikaweka sikio. Bi Mshauri, sikucheka.

Maalim Salimu yeye alisema, "Ukuta ni ukuta, soma Ayatul Kursi, uende zako." Siku ya pili yake nilipopita niliona ameutundikia mkeka ukuta huo, na mkeka wenyewe umelowa katikati.

Nikapima madoa yote kwa kamba, si kwa macho. Shubiri mbili kwa shubiri moja. Nyumba tatu, kipimo kimoja, na yote yamelala, hakuna lililosimama.

Basi mama yangu, tunayekaa naye, akaenda kwa Agripina kuomba chumvi, akakaribishwa chai, akaliona doa. Agripina anasema aliweka kikombe chini taratibu, akaenda akalaza shavu ukutani, akasema, "Kumbe umekuja." Tangu siku hiyo mama ana mzunguko wake: asubuhi kwa Agripina, adhuhuri kwa balozi, baada ya alasiri kwa Maalim, anabisha hodi, anakwenda moja kwa moja ukutani, anasalimia, anakaa kidogo, anatoka. Na amenenepa, Bi Mshauri. Mama ambaye tangu tuhame alikuwa akila kama mgonjwa, sasa anaimba akitwanga.

Nilimbana. Akaniambia bila kunitazama, "Wewe unajijua kifungua mimba. Wewe ni wa nne." Watatu walinitangulia mimi, mmoja hakulia kabisa, wawili waliishi siku chache, na kwa desturi ya wanawake wa ukoo wetu mtoto asiyeota jino hapelekwi makaburini, wanawake wazee humzika upenuni kwa mama yake, mahali pa baridi, na wanaume hawaambiwi wala wasichana ambao hawajazaa. Hapo ndipo nilipoikumbuka siku ya kuhama, lori limekwisha kupakia, mama ameshikilia nguzo ya baraza hataki kupanda, watu wanamcheka, "Jamani, huyu anaagana na mti!" na mimi mwenyewe nilimvuta mkono kwa hasira kwa sababu ya aibu.

Nikamwambia mama tukwangue. Akasema, "Mtawafukua mara ya pili? Niliwaacha porini miaka miwili, wewe umenirudishia bila kujua, sasa unataka kuwatupa jalalani?" Nikamwambia kwamba Maalim amesema kusalimia ukuta ni shirki. Akanijibu, "Mimi nasali swala tano. Mungu ndiye aliyenipa, ndiye aliyenitwalia. Hakuniamuru niwasahau."

Watu sasa wamechoka. Mzee Mhina, mtu mwema, ameambiwa na wenzake aitishe mkutano Ijumaa ijayo, na kinachosemwa ni kwamba kuta zikwanguliwe zote, udongo ukatupwe mtoni, na mama asiingie tena nyumba ya mtu. Kibwana naye anasema tukwangue kabla hawajatukwangua sisi. Mama anasema wakiutupa mtoni atakwenda kukaa mtoni. Namjua, atakwenda.

Na jambo la mwisho, nililolificha hata kwa Kibwana. Nina mimba ya miezi minne, ya kwanza. Wiki mbili zilizopita nilisiriba chumba chetu kwa zile debe mbili zangu, nikijua tayari habari ya upenuni, maana nilisema mama ana watoto watatu na madoa ni matatu, hesabu imefungwa, udongo uliobaki ni udongo tu. Juzi doa limetoka. Shubiri mbili kwa moja, limelala, kichwani kwangu ninapolala. Nikamwita mama nikidhani atafurahi. Alisimama mlangoni, hakuingia, akatazama, akasema, "Huyo si wangu," akatoka nje, na chumbani kwangu hajaingia tena.

Nikwangue au niache? Niende na mume au na mama? Wote walionisifu sasa wanavuka njia wakiniona, na kosa langu ni kupamba.

Wako,
Msiriba Kuta, Handeni

Jibu la Bi Mshauri

Msiriba Kuta, marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefunga mlango. Mwongo sikuiti. Mchawi vilevile sikuiti. Nakuita mtu mwenye haraka. Umehesabu debe, nyumba, siku na shubiri, na katika hesabu yote hiyo hukupata dakika moja ya kumwambia mama yako, "Mama, naenda kuchimba udongo nyumbani kwako, nichimbe wapi?" Nyumba ile aliingia akiwa bibi harusi, akatoka akiwa mjane anavutwa mkono na bintiye kwa sababu ya aibu. Hata ikiwa mahame, ina mwenyewe. Ungeuliza, angekuambia chimba nyuma, na barua hii isingeandikwa. Sasa nimekugombeza, imetosha, tuzungumze.

Ungeniuliza habari ya unyevu peke yake ningekujibu kwa mstari mmoja: udongo wa upenuni umekunywa maji ya paa na majivu ya jikoni miaka na miaka, una chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata kiangazi. Waambie hivyo mkutanoni, itawasaidia wale wanaotaka kusaidiwa. Lakini chumvi haipimi shubiri mbili kwa moja katika nyumba nne, nami sitakudanganya kwamba inapima.

Habari ya shirki, mwambie Maalim wako, kwa adabu, kwamba yeye mwenyewe akipita makaburini hutoa salamu, na hakuna aliyesema anaabudu mchanga. Mama yako anasalimia wafu wake. Kosa si salamu, kosa ni mahali. Kitanda cha Agripina si makaburi, na mwanawe asizoee kugawana muhogo na ukuta. Hapo mumeo ana haki: udongo utoke. Na mama yako ana haki: usitupwe. Huhitaji kuchagua kati yao, ila unahitaji kufanya kazi kabla ya Ijumaa, maana mkutano ukikutana kazi imekwisha utakuwa mkutano wa kunywa maji na kuondoka.

Kesho asubuhi, kwanza kabisa, nenda zahanati ukapimwe mimba yako. Usinijibu kwamba huna nafasi, nafasi ya kubeba debe kumi na nne uliipata. Na usilale tena chumba kile, lala chumbani kwa mama yako.

Ukirudi, mwambie Kibwana yote. Halafu wewe na mama yako nendeni kwa Agripina, kwa Mzee Mhina na kwa Maalim, mkawaambie ukweli, mama ndiye aseme. Ni siri ya wanawake, ndiyo, lakini siri iliyokwisha kuingia ukutani mwa balozi haina tena pa kujificha. Mwombe Mzee Mhina mahali padogo kwenye ncha ya makaburi ya kijiji. Mtu anayekubali kuweka sikio mbele ya watu hatakunyima.

Mama yako akate kila doa kwa mkono wake, panga lizidi ukingo kwa vidole vinne, udongo udondokee kwenye kitambaa cheupe. Nyumba moja, kitambaa kimoja. Usichanganye, hata kama vitambaa ni vya kuazima. Wazikwe asubuhi kungali baridi, kila mmoja na shimo lake. Maalim asome dua, naamini atakuja bila kusukumwa, mkeka wake umemchosha. Agripina akitaka kusali sala yake asimame asali, mtoto yule alikaa kwake. Kisha safisha kuta zote nne, chukua udongo mahali utakapoonyeshwa, usiribe bure, na mapambo achague mama yako.

Sasa huyo wa nne, ambaye najua ndiye aliyekuandikisha barua. Usitetemeke. Mama yako aliolewa akaikuta nyumba ile imesimama, na wanawake wa ukoo wenu walikuwa wakizaa na kuzika kabla yake. Hukuniandikia kama baba yako alikuwa na mke mwingine, wala bibi yako alizika wangapi. Waulize wazee wa upande wa baba, waulize kwa upole, siku moja tu, usiendelee kuuliza huku doa likikungoja ukutani. Akipatikana mwenyewe, vizuri. Asipopatikana, mama yako amekwisha kusema, na mama hakosei kuwahesabu wake. Basi atakuwa wako wewe, maana wewe ndiye uliyemtoa alipolazwa, ukambeba kichwani mwendo wa saa mbili, ukamtia chumbani mwako. Mkate mwenyewe, mfunge kitambaa, mzike pamoja na wale watatu. Na kabla ya kumfukia mpe jina, maana huenda amelala muda wote huo bila la kuitwa.

Mpe jina lolote. Ila lile unalomwekea huyo aliye tumboni, usilitaje pale.