Mkanda wa Pili wa Mama

Mombasa, Jumatatu asubuhi

Mdogo wangu Owori,

Jumanne iliyopita tulipoteza picha thelathini na sita za Mama, zote za sokoni Busia. Nimeanza na hilo usije ukafikiri nimesahau. Sasa salamu: hujambo? Mguu wa mkeo umepona? Na kule Paya kwa Mama mvua imeshika? Mimi mzima, ila usingizi hauji na chakula hakipiti.

Uliniandikia kwenye simu, "Dada, filamu imeharibika kidogo." Kidogo ni ngapi? Nilipouliza ukasema, "Zote, lakini si makosa yangu, maji ilikuwa ile ile ya tanki." Tangu Ijumaa nimekupigia mara kumi na moja. Mara tisa imeita bure, mara mbili imezimwa. Hapo ndipo nilipoogopa. Ibada ya kumbukumbu yake Mama ni Jumapili, watu wa kanisa wanataka picha ya kuweka mbele, nawe una haraka. Naogopa umeshausafisha mkanda wa pili wa filamu, ule Mama ameketi nyumbani. Picha nyingine ya uso wake hatuna. Unajua alivyozikataa za simu, akitaka nyeusi na nyeupe kama ile ya Baba ukutani.

Sikukaa bure. Mikanda niliinunua mimi, minne: miwili nikakutumia, miwili ninayo hapa studio. Nilikata vipande viwili vya mmoja. Kimoja nikakisafisha kwa maji ya nyuzi ishirini, kikatoka salama. Cha pili kwa nyuzi thelathini, kama tanki lako likishapigwa na jua la saa saba. Dakika ya nne ngozi ya picha ikabanduka kama utando wa maziwa yaliyochemka, ikabaki plastiki tupu. Miaka tisa tumetumia boksi hilo hilo, jina hilo hilo, na maji ya moto hayakutudhuru. Basi nikaangalia ukingoni, kwenye matundu. Mikanda ya zamani ina jina la kiwanda. Hii ina namba tu, moja mpaka thelathini na sita.

Nikamwendea aliyeniuzia. "Huu nani anautengeneza?"

Akacheka. "Dadangu, majina ni mengi, viwanda vya kuhesabu. Mwenye jina hana kiwanda. Mwaka huu anunua kwa huyu, mwakani kwa yule, akata, avisha boksi lake."

"Na wewe ulijua?"

"Mimi nauza boksi."

Nilitoka na hasira, njiani ikageuka aibu. Owori, sisi ni watoto wa Busia. Tumekua tukiona sukari ya upande huu ikimiminwa kwenye gunia la upande ule, gunia linashonwa upya, sukari inavuka mpaka. Mama hakusoma gunia hata siku moja. Alitia mkono mpaka chini, akalamba, ndipo akauliza bei. Mimi niliyeanza kwa kufagia studio ya watu hadi nikapata yangu, nimesoma gunia. Nawe umelisoma. Kosa la kwanza ni langu. Kunyamaza ni kosa lako peke yako.

Simu unaweza kuizima, kifurushi hiki huwezi. Ndani kuna kipima joto na kipande cha mkanda wa kujaribia. Kama wa pili bado haujaguswa, nenda Paya, uchote maji ya baridi ya mtungi wa Mama asubuhi na mapema. Dawa uchanganye na hayo, na kusuuza usuuze kwa hayo hayo. Kipima joto kikipita ishirini na mbili, acha. Anza na kile kipande. Maji ya tanki yasikaribie.

Msalimie Shangazi aliyemwuguza Mama, umwambie dawa ya macho nimeipata. Msalimie kaka yetu wa Masaba, na aache kukuharakisha. Jumapili bila picha tutaimba tu, Mama hatakasirika.

Nijibu kabla ya Alhamisi saa kumi na mbili jioni: mkanda wa pili umeufungua au bado? Neno moja latosha. Likiwa ni "nimeufungua", liandike hivyo hivyo, lakini usiniandikie tena "kidogo".

Dada yako,
Nyafwono